Simba yaua, bwana nyama ajiandaa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tulipokuwa tunabomoa nyumba ya marehemu babu huku Muheza, tulikuta kuta za chumba chake zimebandikwa magazeti ya zamani. Mwanangu wa darasa la nne akawa anasoma vichwa vya habari kwa sauti: "Simba yaua", "Vigogo wapandishwa kizimbani", "Mbunge alilia barabara". Akaniuliza kwa nini simba hakuandikiwa "aua" kama wanyama wengine, kwa nini vigogo si "vyapandishwa", na mbunge alipigwa na nani hadi akalia. Nikamwambia aende akacheze. Nisaidie, kesho atauliza tena.

JIBU: Marahaba. Mwanao ana jicho la mhariri, usimfukuze.

Kichwa cha habari kina sarufi yake. Nafasi ni finyu, herufi ni kubwa, kwa hiyo -me- na -li- hutupwa nje, inabaki ile -a- ambayo shuleni tuliiita ya wakati usiodhihirika. Mtu amekufa juzi, ameshazikwa, matanga yameanuliwa, lakini gazeti linasema "afa". La kesho nalo halipewi -ta-, hupewa ku-: "Waziri kuzindua daraja". Tatizo la -a- ni kwamba ikikutana na kiambishi cha nafsi humezwa. A-a-ua inakuwa "aua", wa-a-ua "waua", i-a-ua "yaua". Kinachobaki kukuonyesha mtendaji ni herufi moja au mbili tu za mwanzo. Ukizipita mbio, umepotea.

Simba wa porini ni kiumbe hai, naye hufuata ngeli ya A-WA: "Simba aua ng'ombe wawili". Simba ya Kariakoo ni klabu ya mpira, na klabu ni ya ngeli ya I-ZI: "Simba yaua". Mhariri wa gazeti la babu alikuwa sahihi kabisa. Mtaani utasikia pia "Simba wamefungwa", kwa sababu msemaji anawafikiria wachezaji. Hilo nalo silipingi, hasa nikiwa nimezungukwa na mashabiki.

Ila fikiria mwaka 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0. Tuseme kichwa cha "Simba aua sita", chenye a- badala ya ya-, kinafika mezani kwa bwana nyama, yaani afisa wanyamapori, wa wilaya moja ya mbali asiyejua mpira. Anachukua bunduki, anapanda basi usiku kucha, anashuka Dar es Salaam na kuuliza mnyama alionekana wapi mara ya mwisho. Anaambiwa Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao ya Simba (na Msimbazi ni jina la mto vilevile). Na waliouawa? Wako Jangwani, kwa Yanga. Anaandika kwenye daftari: simba, mmoja, ametokea mtoni akaelekea jangwani. Anauliza kama kuna majeruhi, anaambiwa jiji zima nusu yake ni majeruhi. Herufi moja ingemwokoa na nauli yake. Kabla ya 1971 hata herufi hiyo isingehitajika, maana klabu yenyewe ilikuwa inaitwa Sunderland, na sijawahi kusikia bwana nyama akitumwa kuwinda Sunderland.

Kiambishi cha mtendwa nacho hufanya kazi hiyohiyo. "Yanga kuivaa Simba Jumamosi" ni mechi. "Kumvaa simba" ni kujitakia kifo. Lakini ukichukua "kuivaa" kwa maana yake ya kabatini, unampata mtu amesimama mbele ya kioo anajaribu manyoya kama yanamkaa mabegani.

Vigogo ni kinyume cha Simba. Umbo la neno linataka ngeli ya KI-VI, lakini maana imeshaingia kwa watu, na kwa viumbe hai maana hushinda umbo: kijana anasoma, kiongozi amewasili, kigogo amesimamishwa kazi. Ndiyo maana "wapandishwa". (Neno lenyewe lina ucheshi wake: ki- hapo ni ya kudogosha, kigogo ni gogo dogo, lakini anayeitwa kigogo ndiye mkubwa wa ofisi.) Mhariri akiteleza akaandika "Vigogo vitatu vyapandishwa kizimbani", afisa misitu atafika mahakamani na nyundo yake ya kugongea magogo, adai kibali cha kusafirishia. Na kwa kuwa kizimba ni banda la kuku vilevile, mama mmoja wa jirani atauliza kwa nini kuni zimewekwa kwa kuku wakati jiko liko wazi.

Hayo yote kiambishi kimeyamudu. Kuna mahali hakimudu, na hapo ndipo mbunge wenu anapoingia. "Alilia" ina nyuso mbili. Ya kwanza ni a-li-lia: jana alitoa machozi. Ya pili ni a-a-lilia: analilia kitu, yaani anakidai kwa uchungu. Kwa maandishi hazitofautiani hata nukta. Kisha likaja "barabara", ambalo ni njia ya magari, lakini pia ni "sawasawa", na linalotutenganishia ni mkazo tu, ambao gazeti haliuchapishi. Mhariri alitaka kusema mbunge anadai barabara jimboni kwake. Mwanao alisoma kwamba mbunge alilia, na alilia kisawasawa. Hakukosea. Mwambie hakuna aliyempiga. "Mbunge adai barabara" kingemaliza kazi, tena kwa herufi chache zaidi.

Ndugu yake huyo ni "Madiwani wala kiapo". Wanaapishwa, wa-a-la. Lakini msomaji mwenye njaa ya habari mbaya atasubiri mwanzo wa sentensi: hakuna ukumbi, hakuna madiwani wala kiapo.

Ninachokipenda kuliko vyote kinatoka Mbeya. Tanzania Prisons, timu ya mpira ya askari magereza, huitwa Wajelajela, na siku wakipoteza mechi mhariri anaweza kuandika "Wajelajela wafungwa". Wa-a-fungwa, kitenzi: wametiwa mabao. Wafungwa, nomino: wenye kutumikia kifungo. Hapo hata usome kwa sauti, mkazo ni uleule na huwezi kuzitenga. Askari magereza kageuka mfungwa kwa sababu kipa kateleza. Andika "Prisons yafungwa" na ngeli itakuokoa. Ukiona aibu na neno kufungwa ukaamua kuandika "Wajelajela walala", basi tutauliza usiku huo gereza lilikuwa linalindwa na nani.