Taksi ilipita ukaguzi, breki zikakatika: mkaguzi angeweza kuona nini?

Ndugu, umeuliza inawezekanaje taksi ya kaka yako ipewe cheti cha ukaguzi, halafu wiki chache baadaye breki zikatike ikiteremka mlima kutoka Kapchorwa kuja Mbale, huku kwetu Uganda. Wengi wamekujibu kwa neno moja: rushwa. Rushwa ipo, sikatai. Ila mimi nilifanya kazi ya ukaguzi kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi gereji hapa Tororo, na nakuambia gari lile lingeweza kupita hata mikononi mwa mkaguzi mwaminifu kabisa.

Mkaguzi hafungui kitu. Anaangalia, anagusa, anatikisa, anasoma mashine, basi. Hatoi gurudumu wala dramu ya breki, na sababu yake ni ya haki: akifungua kisha akarudisha vibaya, ajali ya kesho ni yake.

Sasa njoo kwenye breki. Gari linapandishwa kwenye rola za mashine ya kupima breki, magurudumu yanazungushwa polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Gari ni tupu na breki ni baridi. Mashine inaonyesha nguvu ya kila gurudumu na tofauti ya kushoto na kulia. Ni kipimo kizuri, kinanasa silinda iliyokwama na laini (vile vibao vinavyosugua dramu) zilizolowa oili. Lakini hakikuambii laini zimebaki unene gani ndani ya dramu. Laini iliyokaribia kwisha bado inashika. Na kuhusu joto hakisemi lolote. Hapo ndipo ninapolishuku gari la kaka yako.

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuanza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Chukua taksi ya abiria 14, mizigo juu ya paa, dereva anateremka mlima na gia ya mwendo kasi huku mguu haujaachia breki tangu juu. Pedi zinawaka, joto linapita hadi kwenye oili, oili inachemka, na mvuke unaingia mabombani. Oili haibanwi, mvuke unabanwa. Dereva anakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari linaendelea tu. Baadaye breki zikipoa pedali inarudi, fundi anafika anakuta kila kitu kizima, na watu wanaanza kusema dereva kadanganya. Nimeona madereva wakionewa hivyo, na inaniuma sana. Gari hilohilo ukilipandisha kwenye rola asubuhi, linafaulu.

Mengine nitayapitia haraka. Chesisi iliyochomelewa kisha ikapakwa rangi nyeusi nzito, mkaguzi aliye shimoni anaweza kuishuku, lakini hana ruhusa ya kuikwangua. Hozi ya breki iliyovimba ndani, nje inaonekana mpya. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limezeeka. Msimbo wa tarakimu 4 ubavuni, kwa mfano 1418, maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2018. Na wapo wanaoazima matairi kwa siku ya ukaguzi tu, wakishapata cheti wanarudisha vipara vyao. Ningefanya nini mimi? Nilipima gari lililokuwa mbele yangu.

Wengine wanajituliza kwamba tangu 2018 magari yaliyozidi miaka 15 hayaruhusiwi kuingizwa nchini, na kwamba mengi hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini. Sawa, lakini ukaguzi ule haukuona barabara zetu, wala vipuri utakavyonunua Kisekka, lile soko la vipuri la Kampala, miaka miwili baadaye.

Sisemi haya kuudharau ukaguzi. Zoezi lilipokwama mwaka 2017 baada ya Bunge kuingilia kati, nilisikitika, kwa kuwa nilikuwa nimeona bolijointi (viungo vya magurudumu ya mbele) zilizobaki kidogo zichomoke na stelingi zenye mchezo wa kutisha. Hayo mkaguzi anayaona. Yaliyobaki ni ya mwenye gari na fundi wake: kufungua dramu na kupima laini, kubadilisha oili ya breki kila miaka miwili hata kama haijapungua, na kumfundisha dereva kuteremka na gia ndogo.

Kama gari bado liko polisi, msiruhusu fundi yeyote aliguse kwanza. Mwombeni afande mkaguzi wa magari magurudumu yafunguliwe mkiwepo, na oili iliyomo isimwagwe kabla hajaiona. Na muulize kaka yako hili: gari lilipopoa, pedali ilirudi? Kama ilirudi, waanze na oili. Kama haikurudi, watafute bomba lililopasuka au masta silinda (pampu kuu ya breki) iliyokufa.