Kiingereza kina maneno yasiyobadilishana viti

Vijana wanaoniletea barua za kuomba kazi pale saiba, duka la kompyuta na intaneti, karibu na River Road jijini Nairobi, huuliza: ikiwa “strong” na “powerful” zote zinahusu nguvu, mbona chai iwe “strong” na gari liwe “powerful”? Wanataka kanuni. Mwanaisimu Michael Halliday alitumia mfano huohuo wa chai na gari miaka ya 1960, na maana ya maneno peke yake haitoshi kulijibu swali hilo. Ni mazoea ya wasemaji.

Nasi tunayo mazoea yetu. Twapiga pasi, hatugongi pasi. Tamaa hukatwa, moyo huvunjwa. Hakuna aliyetufundisha kanuni yake; tuliyasikia yakiandamana, basi.

Kwetu mtego mkubwa ni “kufanya”. Unafanya kosa, unafanya biashara, unafanya uamuzi. Kiingereza kinagawa: “make a mistake”, “do business”, “make a decision”. Kwa hiyo usiandike daftarini kwamba “make” ni kufanya, ukaishia hapo. Andika fungu zima, ulikariri zima.

Na ukifungua kamusi, anza na nomino. Hapa ndipo wengi hupoteza muda, wakilinganisha “heavy”, “big” na “strong” kurasa nzima. Tafuta “rain”, usome sentensi za mifano, utaikuta “heavy rain” inakungoja. Ukiwa bado na shaka, tafuta mafungu mawili unayoyalinganisha, mfano “heavy rain” na “strong rain”, kwenye intaneti, kila moja ndani ya alama za kunukuu. Lakini usitazame idadi ya matokeo tu. Soma sentensi zenyewe, uone nani anaandika na anazungumzia nini.

Wanaochapa hati za mawakili wana shida nyingine: jozi kama “null and void” (yaani batili), maneno mawili yenye maana karibu moja. Usibadilishe moja ukaweka “empty” kwa kudhani unaboresha, wala usigeuze mpangilio. Jozi hiyo imezoeleka ilivyo. Ila si lazima uitumie. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 2(4), inasema sheria inayokinzana nayo ni “void” kwa kiwango cha ukinzani huo, na imetosheka na neno hilo moja. Kwa barua ya kawaida inayosema mkataba wa nyumba ni batili, mimi pia huandika “void” tu.