Eksirei safi, lakini mkono unawaka moto

SWALI: Shikamoo dokta. Mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Miezi saba iliyopita nilikuwa kwenye Noah natokea Muheza tukagongwa kwa nyuma, shingo ikarushwa mbele ikarudi nyuma, ila sikuvunjika popote alhamdulillah. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa mizima, nikapewa diklofenaki nikarudi nyumbani. Kumbe ndo kwanza inaanza. Maumivu yanatoka shingoni yanashuka begani mpaka kidole gumba na cha shahada, usiku yanawaka kama nimeshika pilipili, mara shoti kama ya umeme, alafu ganzi. Juzi nimejichoma sindano sikusikia, nimekuja kuona damu kwenye gauni la mteja. Nimerudi hospitali mara tatu naambiwa sina tatizo, mume wangu anasema nadeka, mama mkwe anataka nikachuliwe na mzee mmoja huko Pongwe. Nifanyeje?
Fundi, Ngamiani

JIBU: Marahaba fundi, pole sana, na hudeki. Eksirei inaonyesha mifupa, mishipa ya fahamu haionekani mle, kwa hiyo "mifupa mizima" ni kweli na maumivu yako nayo ni kweli.

Sasa ukirudi usiseme tu "mishipa inaniuma", maana huku kwetu mshipa ni ngiri, ni busha, ni kila kitu. Sema kama ulivyoniandikia mimi, taja vidole, taja ile sindano. Gumba na shahada vinaweza kuguswa na mshipa wa fahamu unaotoka shingoni, pengine diski, ule mto laini kati ya pingili za shingo, imeusukuma siku ile ya ajali, au na ule unaopita kwenye kifundo cha mkono, ambao mafundi cherehani unawasumbua hata wasiopata ajali. Jiangalie usiku: ukiweka mkono juu ya kichwa ukapata nafuu, shingo ndo inashukiwa zaidi, ukikung'uta kiganja ndo ukapata nafuu basi ni kifundo. Hiyo sio jibu la mwisho ila daktari atafurahi kuisikia.

Anzia hospitali ya Bombo hapo Tanga, omba kuonwa na daktari wa mifupa. Akupime nguvu za mkono, akugonge na kile kinyundo, akuguseguse na pamba uone wapi husikii. Akiona inafaa ataandika MRI ya shingo, yaani picha inayoonyesha mpaka diski na mishipa ya fahamu, au kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu kinachotenganisha shingo na kifundo, na kama hapo havipatikani atakupa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar. Mwambie akucheki na sukari, kisukari nacho kinaleta ganzi na watu wanasingizia ajali tu.

Diklofenaki ya miezi saba acha kujinunulia, itakumaliza tumbo na figo. Kwa maumivu ya aina hii kuna amitriptilini au gabapentini, na usishtuke ukisoma karatasi ukakuta moja ni ya sonona nyingine ya kifafa, hajakuona chizi, zinatuliza mishipa ya fahamu pia. Zinachukua wiki kadhaa, usizikatishe ghafla.

Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba shingo haivutwi wala haipindwi kabla ya vipimo. Mafuta begani hayana neno.

Ila mkono ukianza kuangusha vitu, miguu ikawa mizito au mkojo ukakataa au ukatoka wenyewe, usisubiri kliniki, nenda siku hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane.

Na ile bahasha ya eksirei nenda nayo, pamoja na kopi ya PF3, ile fomu ya matibabu uliyopewa polisi. Kama bado hujadai bima ya gari lililowagonga, maandishi ya daktari utayahitaji huko pia.