Ikiwa hakuna aliyeyashusha, maadili yanasimama juu ya nini? Jibu kutoka Kigezi

Ndugu uliyeanzisha uzi huu umeuliza hivi: mtu asiyesadiki kwamba wema na uovu vimeamuliwa na nguvu iliyo juu ya wanadamu, maadili yake yana nguzo gani, na maisha yake yana maana gani zaidi ya kula na kusubiri kufa? Nitakujibu kwa yale niliyoyaishi. Nililelewa katika kambi ya jeshi mjini Jinja, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumba yetu na ya majirani wote, nami nilisali kama walivyosali wazazi wangu. Niliporudi kijijini kwa babu, karibu na Kabale, kuanza kazi ya ualimu, imani ilikuwa imekwisha kuniondoka polepole, pasipo ugomvi na mtu yeyote. Hofu niliyobaki nayo ilikuwa hiyo hiyo yako.

Kigezi, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda, ni nchi ya milima, na nyumba nyingi ziko mbali na njia ya gari. Kwa sababu hiyo, tangu enzi za mababu, vijiji vyetu vina vyama vya engozi, yaani machela. Machela yenyewe husukwa kama kapu refu na kufungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne huibeba mabegani, na wengine hufuata nyuma wakisubiri zamu. Chama kina mwenyekiti, katibu, daftari la majina na faini kwa asiyefika, awe ameitwa kubeba mgonjwa au maiti.

Mwaka 2012, usiku wa mvua kubwa, mke wangu alishikwa na uchungu wa kujifungua kabla ya siku zake. Nilimtuma kijana akapige mbiu. Hata kabla sijafunga mlango, wa kwanza kufika uani alikuwa mzee ambaye kwa miezi minane tulikuwa tukivutana naye mbele ya LC, yaani baraza la kijiji, kuhusu mpaka wa shamba la viazi. Alikuwa amevaa mfuko wa plastiki kichwani, miguu peku ili asiteleze. Mnapoteremka mlima uzito wote wa machela huja mbele, na mahali hapo ndipo alipojiweka. Nilipotaka kuupokea mti begani mwake, aliniambia, “Mwalimu, wewe shika tochi. Mwenye mgonjwa habebi, mikono inamtetemeka.” Tulifika kituo cha afya kabla ya alfajiri, na mtoto akazaliwa salama. Juma lililofuata nilikwenda kumshukuru, nikidhani pia kwamba huenda tumepatana. Akanijibu kwa upole kwamba kesi ya mpaka iko palepale, kwa kuwa lile lilikuwa jambo la engozi. Kesi tuliendelea nayo, na mwisho nilishindwa.

Nimelifikiria jibu lake kwa miaka mingi. Mtu anaweza kusema kwamba mzee alikuja kwa kuogopa faini, lakini faini ya wakati ule ilikuwa shilingi 5,000, fedha ambayo mkulima wa viazi angeweza kuilipa na kuendelea kulala. Tena, faini hiyo nani aliiweka? Waliiweka wao wenyewe, kwa sababu walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mtu kufia njiani ni jambo lisilovumilika. Mzee yule ni muumini, husali kila Jumapili, nami sisali, wala sidai kwamba imani yake haikumsaidia kuamka. Wakiga, watu wa Kigezi, walimjua Ruhanga muumba na kuiheshimu roho iitwayo Nyabingi kabla ya misheni kufika. Hata hivyo, sijamsikia mzee hata mmoja akisema kwamba Ruhanga ndiye aliyeamuru engozi. Wanachosema ni kwamba baba zetu walichoka kuzika watu ambao wangeweza kupona.

Hapo ndipo ninapoiona asili ya maadili: watu wanapolikataa jambo kwa pamoja, wakajifunga, na wakakubali kudaiwa. Kwa upande wa maana ya maisha sina mengi ya kusema, kwa sababu swali hilo lilipungua ukali lenyewe. Mtu anayejua kwamba jina lake limo daftarini, na kwamba usiku wowote bega lake linaweza kuhitajika, hapati nafasi kubwa ya kujiuliza kama yupo bure.

Lakini ugumu wa kweli uko mahali pengine, na sitaukwepa. Ikiwa maadili yametungwa na watu, basi watu hao hao wanaweza kutunga uovu na kuuita wema. Sisi hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Katika ziwa Bunyonyi kuna kisiwa kidogo kiitwacho Akampene, ambacho ukikitazama kutoka ufukoni unaona nyasi, mti, na maji yanayozidi kukimeza. Hapo ndipo wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa walipoachwa wafe kwa njaa, au wazame wakijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiye na ng’ombe wa mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja wao bila kulipa kitu. Desturi hiyo iliendelea hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20. Waliopiga makasia kuwapeleka walikuwa baba zao na kaka zao, na hawakujiona wakatili, kwani walikuwa wakilinda heshima ya ukoo na thamani ya mahari. Babu zangu waliosuka engozi ndio pia walioifuata desturi hiyo, na kila nikipita pale na wanafunzi wangu huwa sipati maneno mepesi ya kuwaambia.

Utasema kwamba waliosaidia kuikomesha ni misheni na serikali ya kikoloni, na kwamba misheni ilikuja na sheria kutoka juu. Ni kweli, na ninawashukuru kwa hilo. Ila Kigezi imeona pia upande mwingine. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililojiita Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, na baadaye maiti nyingine zikafukuliwa katika mashimo. Sisemi hivi ili kuwasuta waumini, ambao wengi wao waliwalilia wale watu kuliko mimi. Ninasema kwamba kundi lile lilikuwa na msingi ule ule unaouulizia, tena umeandikwa katika jina lake, na haukumwokoa mtoto hata mmoja aliyekuwamo ndani.

Ninapoyaweka mambo hayo mawili pamoja naona jambo moja linalofanana. Wafuasi wa Kanungu walizuiwa kuzungumza, wakawa wanawasiliana kwa ishara za mikono. Wasichana wa Akampene hawakuulizwa neno. Katika kila upande, aliyebeba gharama ya kanuni ndiye aliyenyimwa ulimi. Basi mimi sipimi tena kanuni kwa kuuliza imetoka wapi. Ninauliza kama yule inayemwumiza anaweza kusimama mbele ya walioitunga, akasema, akasikilizwa, na kanuni ikabadilika.

Miaka mitatu iliyopita niliona kipimo hicho kikifanya kazi katika chama chetu. Kanuni ilisema kwamba kila nyumba itoe mwanamume wa kubeba, la sivyo ilipe. Mjane mmoja, ambaye wanawe wote wanafanya kazi Kampala, alikuwa amelipa faini nne mfululizo. Siku ya mkutano alisimama na kusema, “Mimi nilimzika mume wangu kwa mabega yenu, na sasa mnanitoza kwa sababu amekufa.” Uwanja ukanyamaza. Mwenyekiti alianza kueleza kwamba kanuni ni ya wazee, na kwamba ikilegezwa kwa mmoja italegezwa kwa wote. Mzee wa shamba la viazi akamkatiza na kuuliza kama wazee hao walikuwa na wajane au la. Tulibishana hadi jua likazama. Mwishowe tukakubaliana kwamba nyumba isiyo na mwanamume itoe mtu wa kushika taa au kubaki na watoto wa mgonjwa, na hilo lihesabiwe sawa na kubeba. Katibu alichukua rula, akapiga mstari juu ya kanuni ya zamani, akaandika mpya juu yake. Mjane hakuketi. Alimwomba aisome kwa sauti, kisha akamwomba airudie, na katibu akairudia.