Kipimajoto kinasoma namba tatu tofauti: kimeharibika?

Swali: Habari daktari. Mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minne alishikwa na joto jana usiku. Kipimajoto cha betri kwapani kilisoma 36.6, nikarudia kikasoma 37.3, halafu 37.7. Nikitupe? (Mama, Kondele, Kisumu)

Jibu: Usikitupe, mama. Namba zikipanda mfululizo hivyo, mara nyingi kwapa ndilo lililokuwa baridi.

Chombo hiki hupima joto la ncha yake tu. Ndani ya ncha ya chuma mna themista, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri kinavyopata joto. Chipu hupima ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi. Kipimajoto hulia joto linapoacha kupanda kwa kasi. Mlio basi unakwambia kwamba ncha imelingana na ngozi inayoigusa, na ngozi ya kwapa lililotoka kufunuliwa ina ubaridi kuliko mwili ndani. Ulipokuwa ukirudia, mkono uliendelea kubana na kwapa likapata joto. Ile 37.7 ndiyo iliyokaribia ukweli.

Safari nyingine, futa jasho kwanza, maana likikauka huipoza ngozi. Bana mkono wa mtoto ubavuni kama dakika tano, kisha washa chombo, weka ncha katikati kabisa ya kwapa, iguse ngozi bila nguo kuingia, ubane tena mpaka kilie. Akiwa ametoka kuoga au kufunguliwa leso mgongoni, subiri dakika 15 hivi.

Ukitaka kukikagua, tia ncha pamoja na ya kipimajoto kingine katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Zikipishana zaidi ya nyuzi 0.3, kimoja kina kasoro. Maji ya barafu hayasaidii, kwa kuwa vingi huanzia nyuzi 32, na maji yanayochemka hukiharibu. Tarakimu zikififia, badilisha betri.

Kile cha zamani cha kioo kina mbano juu ya tungi la zebaki unaozuia zebaki kurudi chini, ndiyo sababu hukung'utwa hadi chini ya 35 kabla ya kupima.

Sasa mtoto: kwapani, 37.5 na kuendelea ni homa. Huku kwetu kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima, kwa hivyo mpeleke kituo cha afya leo apimwe damu, hata kama panadoli imeshusha joto. Usimpe dawa ya malaria kabla ya kipimo.