Uliza Shambani: Zabibu au mabibo, tuanze na lipi?

SWALI: Shikamoo mama. Sisi familia ya watu saba huku Newala, baba ana mikorosho kama ekari nne hivi. Kaka yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu Dodoma, juzi karudi na pingili kumi na mbili za mzabibu kazifunga kwenye gunia bichi, anataka tukate mikorosho ekari moja tupande zabibu tuje tutengeneze mvinyo wetu wa familia. Baba hataki hata kusikia. Mama yeye anasema mbona mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaozea chini kila msimu, si tutumie hayo? Nyumbani hakukaliki, naomba utusaidie.
Msomaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa mikorosho msiikate, nakuomba sana.

Kaka hajakosea kuipenda zabibu, ila Dodoma inakubali kwa sababu ni kukavu, mvua chache na kiangazi kirefu, ndo maana wenzetu wanapogolea na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Newala unaijua mwenyewe, asubuhi ukungu umekaa juu ya mabati, hewa ina unyevu, na unyevu huo ndio unaopendwa na ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye majani na maua. Mnapuliza salfa kwenye mikorosho kila mwaka, mkiweka na zabibu mtapuliza tena na tena halafu mvune kidogo. Pingili tatu nne zipandeni uani karibu na maji, kaka aziangalie, inatosha.

Mama ndo kaona mbali. Bibo lina uzito mara tano mpaka kumi ya korosho yake, kwahiyo fikiria gunia moja la korosho mmeacha mzigo gani chini ya mti! Shida yake ni mbili, linaharibika ndani ya siku moja na lina ukakasi unaokamata koo.

Kwahiyo tandikeni neti au turubai chini ya mti jioni, asubuhi na mapema muokote yaliyodondoka usiku, yaliyopasuka au kuingia mchanga wekeni pembeni. Ng'oeni korosho, osheni mabibo vizuri sana kwa maji safi maana salfa ikibaki kwenye ganda mvinyo utanuka yai viza, hilo nimelionja mwenyewe na dumu zima lilimwagwa. Na msitumie kabisa dumu lililowahi kuwa na dawa, hata lioshwe vipi.

Kamueni, chujeni kwa kitambaa, halafu pikeni uji mwepesi sana wa mchele, ukipoa mmimine kwenye juisi mkoroge mwache usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi mtaona chini kumekaa utope na juu juisi imeng'aa, ukakasi umeshikana na wanga ukazama nao. Chukueni ya juu taratibu bila kutikisa. Juisi ya bibo peke yake haina sukari ya kutosha, kila lita ongezeni kama gramu 90 hadi 100 mtafika kilevi cha asilimia 11 hivi, kisha hamira ya mvinyo, ile ya mkate inafanya kazi ila inaacha harufu ya mkate. Wekeni kwenye dumu, kifuniko chake mtoboe tundu, pitisheni mpira mwembamba wa dripu, ncha yake izame kwenye chupa ya maji, hewa itoke nzi wasiingie. Msizibe kabisa, dumu litapasuka. Wiki mbili tatu mapovu yakiisha hamishieni chombo kingine muache utope, na msionje onje kabla ya miezi mitatu.

Uraka, ile pombe ya mabibo, mnaujua toka utotoni, huu ni ndugu yake aliyetunzwa. Ila kwenye kunereka nipa, ile pombe kali ya mabibo, msiende, ni kosa bila leseni na ikikosewa inapofusha watu. Na kama baba anakataa kwa ajili ya dini msibishane nae, juisi hiyo hiyo kabla ya hamira ichemsheni mfungashe, au kausheni mabibo yawe kochoko.

Mwaka huu fanyeni lita 20 tu, mwandike kila kitu kwenye daftari. Kuuza ni mpaka TBS, shirika la viwango, waipitishe na leseni iwepo, SIDO Mtwara, wale wa viwanda vidogo, watawaelekeza pa kuanzia. Na kabla mabibo hayajaanza kudondoka nendeni kituo cha utafiti Naliendele, wale kazi yao ni korosho, na safari hiyo aende mama.