Kabla hujamwonyesha mzee wa zumari simu yako

Juzi baada ya mazoezi nilimwona kijana wetu mpya wa tromboni akimsogezea mzee wa zumari simu yake. Tyuna, ile programu ya kupimia noti, iko wazi, sindano imelala kushoto kwamba noti iko chini, taa nyekundu inawaka. "Mzee, uko chini." Mwili ulinisisimka. Maneno hayo hayo niliwahi kumwambia mzee huyo huyo, hapa hapa Lamu, tena mbele za watu. Basi kaeni kitako, nyinyi mliojiunga na bendi yetu mwaka huu. Nawapenda, lakini uvumilivu wangu una kikomo.

1. Futeni vyombo. Hewa yetu ina chumvi na shaba haisamehe chumvi. Osha bomba kwa maji baridi, kausha, tia mafuta ya vali, funga kwenye sanduku. Ile rangi ya kijani mnayoishangaa ndani ya mabomba ilianza siku mlipoacha tarumbeta dirishani "kwa dakika mbili tu".

2. Hesabuni kimya. Sisi ni watano, tarumbeta mbili, honi, tromboni na tuba, na wa sita ni mzee. Hakuna mtu wa kutupungia fimbo. Muziki huu wa siku hizi unaweza kukunyamazisha vipimo 14 vya mapigo, kisha ukakutaka uingie na pumzi tupu, bila noti, kwa mpigo wa tano. Anayeingia anainua bega na kuvuta hewa, na pumzi hiyo ndiyo ishara yetu sote. Ukiwa unachungulia simu, imekupita.

3. Joto. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na miaka 22. Mwenzetu alitutungia kipande cha kupigia pale uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome. Kinaanza na tarumbeta peke yake, noti moja ndefu. Zumari inaingia juu ya noti hiyo hiyo, ziwe kitu kimoja, mtu asijue ipi ni ipi. Kisha zinaachana polepole, kwa chini ya nusu-sauti, ile hatua ndogo kabisa ya piano, na tuba inaingia kwa mdundo wa beni, ngoma ya mashindano ya pwani. Uzuri wote wa kipande uko katika kule kuwa kitu kimoja kwanza.

Tulityuni, yaani tulilinganisha noti zetu, asubuhi, mtaa wa Mkomani, ndani ya nyumba ya mawe yenye kuta nene na ubaridi wake. Tyuna ikatupa kijani kibichi, nikaridhika. Alasiri tukaenda uwanjani, tukapanga vyombo juu ya baraza, tukangoja wageni wahutubu. Wakahutubu. Kwa nusu saa nzima shaba ilikuwa juani. Mzee alikuwa ameketi kivulini, zumari ameizongea kikoi, ameiweka kwapani kama mtoto mchanga.

Zamu yetu ikafika. Nikapiga noti yangu. Mzee akaingia, na papo hapo sauti zikaanza kugongana, wau-wau-wau, ule mtetemo unaousikia hadi kwenye meno. Nikakaza, ukazidi. Nikashusha tarumbeta, nikamgeukia, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi safu ya nyuma: "Mzee, uko chini. Panda."

Hakunijibu. Aliinuka, akaja taratibu, akaweka kiganja kwenye mdomo mpana wa tarumbeta yangu, akakiondoa upesi. "Yua limengia humu, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kunitosha mimi tu. Akarudi kuketi, akangoja.

Niliijua hesabu hiyo. Nilikuwa nimeisoma darasani: hewa ikipata joto sauti husafiri upesi zaidi, na ukiigawa nusu-sauti sehemu 100, kila nyuzi moja ya joto ndani ya bomba huipandisha noti karibu sehemu 3. Nyuzi 10 zikiongezeka, umeshapotea. Nilikuwa nayo kichwani na sikuigusa, kwa sababu ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba mwenye makosa ni mwenye chombo cha mti. Nikavuta kibomba cha kutyuni upana wa kidole, ili noti ishuke. Tukaanza upya. Mtetemo ukapungua, ukatulia, ukaisha.

Watu wengi hawakuelewa kilichotokea. Mjukuu wake alielewa. Alikuwa ameketi chini mbele kabisa, hakuniondolea macho mpaka mwisho, na mimi sikuweza kumtazama.

Ilinichukua wiki tatu kwenda kumwomba radhi nyumbani kwake mtaa wa Langoni. Hizo wiki tatu ndizo zinazoniuma kuliko siku yenyewe. Alinikaribisha kahawa, akachomoa ulimi wa zumari akaniwekea kiganjani, mwepesi kama ganda la kitunguu. "Mimi tundu zangu zimetobolewa zamani," akaniambia. "Wewe una cha kuvuta. Vuta."

4. Karatasi za noti zifungwe kwa vibanio. Upepo wa ufukweni hauna adabu.

5. Msiwaambie watu kwamba sisi ndio "tunaochanganya". Beni ilianza pwani hii miaka ya 1890, watu wakizitwaa bendi za kijeshi na kuzifanya ngoma yao ya mashindano. Kabla ya hapo kulikuwa na siwa, baragumu kubwa la kupulizwa. Nendeni makumbusho mkaitazame ile ya shaba, na ile ya pembe iliyotoka Pate, mkae nazo. Hupulizwa ubavuni na haina vali hata moja, mdomo na pumzi ndivyo vinavyotafuta noti. Bomba lolote la namna hiyo lina noti yake ya asili ya saba, ukihesabu kutoka ile ya chini kabisa, ambayo iko chini ya ile ya piano kwa karibu sehemu 31 kati ya zile 100 za nusu-sauti. Tyuna itakuwashia nyekundu. Watunzi wa leo wanaiandika makusudi, na nyinyi mnaniuliza kama ni kosa la uchapaji.

Kijana wa tromboni, nimeshaongea nawe pembeni na umeshakwenda Langoni siku ya pili yake. Umenishinda kwa wiki tatu kasoro siku moja, na nimefurahi sana.

Ijumaa tunakutana baada ya swala ya alasiri, vyombo vyote kivulini tangu mnapofika. Simu mfukoni. Mzee atatoa noti. Tuba atamfuata, kisha tromboni, kisha honi, na sisi wa tarumbeta mwisho.